Kocha wa Miaka Ishirini

Tarehe 26 Septemba 1988, mjini Seoul, kijana wa Kiturkana aitwaye Paul Ereng alishinda mbio za mita 800 za Michezo ya Olimpiki kwa dakika 1 na sekunde 43.45. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa bado mkimbiaji wa mita 400, na wachache sana walikuwa wamemtaja miongoni mwa watu wa kutazamwa. Aliwaacha wenye majina watangulie. Nixon Kiprotich wa Kenya na Joaquim Cruz wa Brazili, bingwa wa 1984, walivutana mbele kwa kasi kali, na walipoanza kulipia kasi hiyo katika mita mia za mwisho, Ereng akawapita. Cruz akawa wa pili, Said Aouita wa Morocco wa tatu.

Miaka 33 baadaye, tarehe 4 Agosti 2021, mjini Tokyo, Mkenya mwingine aitwaye Emmanuel Korir alishinda mbio hizo hizo kwa dakika 1 na sekunde 45.06. Korir naye alianzia mita 400. Naye alipitia chuo kikuu cha Marekani. Na mtu aliyemlea katika mita 800 chuoni hapo alikuwa Paul Ereng.

Kati ya siku hizo mbili kuna kazi ambayo picha za televisheni hazikuionyesha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ereng aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, UTEP, awe kocha wa mbio ndefu na mbio za nyika. Medali yake ilikuwa imepatikana ndani ya dakika mbili zisizotimia. Ukocha ukamchukua takriban miongo miwili: kuamka alfajiri, kushika saa, kuhesabu mizunguko, kusoma matokeo ya mitihani ya vijana, kupokea wapya kila Agosti na kuagana na waliomaliza kila Mei.

Msomaji wa Nkende, kata ya Tarime mkoani Mara, anaweza kuuliza El Paso inamhusu nini. Inamhusu sana, kwa sababu sehemu kubwa ya sifa ya chuo hicho katika riadha ilijengwa na mtu wa mkoa wake mwenyewe.

Suleiman Nyambui alizaliwa mwaka 1953 Majita, Musoma, upande wa ziwa wa mkoa wa Mara. Alipofika El Paso mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mtu mzima, mwenye mbio za kimataifa nyuma yake. Alishinda ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani wa mita 10,000 mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Mwaka 1980 akawa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo hivyo. Kiangazi cha mwaka huohuo alikwenda Moscow, akapata medali ya fedha ya Olimpiki katika mita 5,000, nyuma kidogo tu ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Februari 1981, akikimbia ndani ya ukumbi mjini New York, aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 za ndani, dakika 13 na sekunde 20.4. Miguu yake ilipohamia barabarani akashinda Berlin Marathon mara mbili, 1987 na 1988.

Fedha yake ya Moscow na ile ya Filbert Bayi, iliyopatikana kwenye michezo hiyohiyo katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, ndizo medali mbili pekee ambazo Tanzania imewahi kupata kwenye Olimpiki. Moja kati ya hizo mbili ni ya mtu wa Mara.

Hakuwa peke yake El Paso. Gidamis Shahanga, Mtanzania aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978 na mita 10,000 za michezo hiyo mjini Brisbane mwaka 1982, alivaa jezi hiyohiyo. Walikuwa pamoja na Wakenya kama Michael Musyoki na Gabriel Kamau, na Mathews Motshwarateu wa Afrika Kusini. Kocha wao alikuwa Ted Banks. Chini yake UTEP ilitwaa zaidi ya mataji kumi ya kitaifa, na ubingwa wa mbio za nyika ulikwenda El Paso mara sita ndani ya miaka saba, kuanzia 1975 hadi 1981.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo inafaa kujua mbio za nyika za vyuo zinavyohesabiwa. Kila timu huingiza wakimbiaji saba. Nafasi za watano wa kwanza hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Alama ndogo kabisa inayowezekana ni 15, yaani watu watano wa timu moja kushika nafasi ya kwanza hadi ya tano. Mwaka 1981 UTEP ilipata 17, katika mashindano ya taifa zima.

Hesabu hii inaeleza pia kazi ya kocha wa chuo. Bingwa mmoja hamtoshi. Mtu wa tano ndiye anayeamua taji: akimaliza wa kumi na mbili, timu inashinda, akichoka kwenye kilima cha mwisho na kumaliza wa arobaini, kazi ya wanne waliotangulia imepotea. Kocha mzuri hutumia muda mwingi na huyo wa tano, na wa sita, na wa saba anayekaa tayari endapo mmoja ataumia. Majina yao hayaingii kwenye vitabu vya kumbukumbu, lakini taji lilipita miguuni mwao.

Halafu kuna kalenda. Mkimbiaji wa chuo cha Marekani ana misimu mitatu kwa mwaka. Vuli ni mbio za nyika, kwenye majani na matope, na ubingwa wa taifa wa wanaume ni kilomita 10. Majira ya baridi ni mbio za ndani ya ukumbi, kwenye mzunguko wa mita 200. Masika ni uwanja wa kawaida, hadi ubingwa wa Juni. Kocha asiye na busara atampeleka kijana mbioni kila wikendi, kwa sababu kila mbio ina pointi na kila pointi inamfurahisha mkuu wa michezo wa chuo. Kufikia Juni kijana huyo ana nyufa kwenye mfupa wa ugoko, au damu yake imeishiwa madini ya chuma, jambo linalowapata sana wasichana wa mbio ndefu. Mwenye busara hupanga kinyumenyume: anaanzia siku ya Juni anayoitaka, kisha anarudi nyuma wiki kwa wiki, na kila wiki anajiuliza nini kiachwe.

Kuna pia fedha. Kwa miaka mingi, hadi kanuni zilipobadilishwa mwaka 2025, chuo kikubwa kiliruhusiwa kutoa ufadhili kamili 12.6 tu kwa timu nzima ya wanaume ya riadha na mbio za nyika kwa pamoja. Sehemu hizo kumi na mbili na ushei zilipaswa kuwatosha wakimbiaji wa mita 100, warukaji, warusha mkuki na watu wa mbio ndefu. Kocha aliyempa kijana wa Kiafrika ufadhili mzima alikuwa ameacha nafasi za wengine watatu au wanne waliokuwa tayari kupokea robo. Alikuwa ameweka kazi yake rehani kwa mtu ambaye pengine hajawahi kumwona akikimbia.

Ndiyo maana hata enzi ya Banks ilikuwa na malumbano. Makocha wengine wa Marekani walilalamika kwamba wageni hawa walikuwa watu wazima waliokomaa, wakishindanishwa na vijana wa miaka kumi na tisa. Lalamiko hilo halikuwa bure, na baadaye kanuni za umri na za mashindano ya awali zilikazwa. Lakini hakuna kanuni iliyoweza kubadilisha jambo moja: watu hao walikuwa na uwezo huo kabla ya kupanda ndege, na nyumbani kwao hapakuwa na chuo kilichowaajiria mtu wa kuusimamia mwaka mzima.

Wengi hupenda kueleza mbio za Afrika Mashariki kwa hewa ya milimani na kwa watoto wanaokwenda shule kwa miguu. Ramani inakataa maelezo hayo kusimama peke yake. El Paso ni mji wa mpakani kama Tarime, ila ng'ambo yake ni Ciudad Juárez ya Mexico na ng'ambo ya Sirari, kituo cha mpakani cha Tarime, ni Isebania ya Kenya. Ni mji wa jangwa, uko mita zipatazo 1,100 kutoka usawa wa bahari. Tarime iko juu ya mita 1,400, ina vilima, ina barabara za vumbi laini zisizoumiza magoti, ina asubuhi za baridi ambazo mkimbiaji wa El Paso angezilipia. Watoto wa Nkende hutembea na kukimbia kwenye vilima hivyo tangu wakiwa wadogo. Kama hewa na miguu vingetosha, Nyambui asingehitaji kuvuka bahari.

Kilichokuwa El Paso ni mtu aliyepewa kazi moja na kuachwa aifanye miaka mingi.

Ukimfuatilia Ereng unaona maana ya miaka hiyo. Kijana wa Kenya aliyekifanya chuo hicho kirudi kwenye vinywa vya watu wa riadha alikuwa Anthony Rotich, aliyeshinda ubingwa wa vyuo vikuu wa kuruka viunzi na maji mara tatu mfululizo, 2013, 2014 na 2015. Kisha akaja Korir. Januari 2017 Korir alikimbia mita 600 za ndani mjini Albuquerque kwa dakika 1 na sekunde 14.97, muda ambao hakuna mtu aliyewahi kuufikia ukumbini kabla ya siku hiyo. Juni akawa bingwa wa vyuo wa mita 800, kisha akaacha mashindano ya chuo na kuanza kukimbia kwa kulipwa. Ereng alimpata kwa kipindi kifupi cha masomo, lakini uhusiano wao haukukatika. Baada ya Tokyo, Korir aliongeza ubingwa wa dunia mjini Eugene, Julai 2022.

Kocha mchanga angeweza kumwona Korir kama mkimbiaji wa mita 400 na kumwacha huko. Ereng alikuwa amekwisha kuipita njia hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Alijua kwamba mtu wa mita 400 anayeingia kwenye 800 hufa katika mita 200 za mwisho si kwa kukosa kasi, bali kwa kuitumia mapema. Alijua dawa yake: kilomita nyingi za taratibu wakati wa vuli, vilima, uvumilivu wa kukaa nyuma. Maarifa ya aina hiyo hukaa ndani ya mtu, na hupatikana na wengine pale tu mtu huyo anapobaki mahali wanapoweza kumkuta.

Mfano wa James Li unaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa mwanafunzi. Bernard Lagat aliwasili Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 1996 akitokea Kenya, na Li, kocha mzaliwa wa China, ndiye aliyempokea. Lagat alimaliza masomo, akapata shaba ya mita 1,500 Sydney mwaka 2000 na fedha Athens mwaka 2004, akachukua uraia wa Marekani, akashinda mita 1,500 na 5,000 katika ubingwa wa dunia wa Osaka mwaka 2007. Mwaka 2016, Rio, akiwa na miaka 41, alikuwa bado kwenye fainali ya Olimpiki ya mita 5,000. Kocha alikuwa yuleyule. Baadaye Lagat mwenyewe akawa kocha wa mbio za nyika katika Chuo Kikuu cha Arizona, ambako Li naye alifundisha kwa miaka mingi.

Na Sally Kipyego. Alipofika Texas Tech, mjini Lubbock, alikuwa msichana wa Marakwet mwenye ndoto ya kuwa muuguzi. Alishinda ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vikuu mwaka 2006, 2007 na 2008, na hakuna mwanamke aliyekuwa ameshinda mara tatu mfululizo kabla yake. Alisomea uuguzi kweli, akamaliza, na mwaka 2012 akapata fedha ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya London. Kocha wa chuo hana kazi nzuri zaidi ya kumtoa mtu aliye na medali mkononi na cheti cha kazi mfukoni, kwa sababu goti likikataa siku moja, cheti kitamlisha.

Lakini tafakari hii haiwezi kumruka Henry Rono.

Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Jimbo la Washington chini ya kocha John Chaplin, Rono aliweka rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000 mjini Berkeley tarehe 8 Aprili, mita 3,000 za viunzi na maji mjini Seattle mwezi Mei, mita 10,000 mjini Vienna tarehe 11 Juni, na mita 3,000 mjini Oslo tarehe 27 Juni. Hakuna aliyefanya jambo kama hilo kabla yake wala baada yake. Hakuwahi kukimbia Olimpiki, kwa kuwa Kenya ilisusia Montreal mwaka 1976 na Moscow mwaka 1980. Fedha zilikuja na kutoweka. Pombe ikamshika, naye mwenyewe alisimulia hadharani miaka ya kulala kwenye makazi ya wasio na nyumba na kufanya vibarua vya kila namna. Aliiacha pombe, akafundisha vijana kukimbia huko Albuquerque, akarudi Kenya mwaka 2019, akafariki Februari 2024.

Kumlaumu mtu mmoja kwa maisha ya mtu mwingine si haki. Lakini kila kocha anayemtoa kijana kijijini na kumpeleka kwenye taa anapaswa kuisoma habari ya Rono kabla ya kusaini karatasi. Mfumo wa chuo ulijua kabisa namna ya kumfanya Rono akimbie. Namna ya kuwa naye baada ya mbio haikuwa kazi ya mtu yeyote aliyeajiriwa kwa ajili hiyo. Chuo humlipa kocha kwa miaka minne ya kijana. Yeye ndiye huamua kama atapokea simu katika mwaka wa tano, na wa kumi.

Kuna mtu mmoja jirani zaidi, upande wa pili wa mpaka, ambaye amepokea simu hizo maisha yake yote. Brother Colm O'Connell alifika shule ya sekondari ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976, mtawa kijana kutoka Ireland aliyetumwa kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha. Shuleni alimkuta Pete Foster, Mwingereza, akiwafundisha vijana riadha. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia yeye. Kutoka shule hiyo akatoka Peter Rono, ambaye alishinda mita 1,500 Seoul mwaka 1988, siku chache tu baada ya Ereng kushinda 800. Wakati huo Peter Rono alikuwa mwanafunzi wa chuo kidogo cha Mount St. Mary's, Maryland, chini ya Jim Deegan, kocha mwingine aliyekaa chuo kimoja miongo na miongo. Baadaye Brother Colm alimlea David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London. Katika eneo la shule kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa waliosoma pale.

Ukiondoa umaarufu wake, kinachobaki katika kisa cha Brother Colm ni kitu rahisi ambacho wilaya yoyote inaweza kukifanya: mwalimu mmoja hakuhamishwa. Mwaka wa kwanza alijua kidogo. Mwaka wa kumi alikuwa amekwisha kuona vijana mia wakikimbia njia ileile, akaweza kutofautisha aliyechoka na anayejifanya, mwenye kipaji cha haraka na mwenye kipaji cha kuchelewa. Wakulima wa kahawa wa Tarime wanaijua subira hiyo. Mche hauzai mwaka wa kwanza wala wa pili, na anayeung'oa kila anapokosa mavuno hatakaa aonje kahawa yake.

Tanzania imekuwa ikiung'oa.

Michezo ya shule nchini ina mpango wake, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Ni mipango mizuri, na bila hiyo vipaji vingi visingeonekana kabisa. Lakini inavyoendeshwa, kijana hukimbia shuleni, huchaguliwa wilayani, huingia kambini wiki chache, hushindana katikati ya mwaka, kisha hurudi nyumbani, na viatu vyake, kama anavyo, huwekwa pembeni hadi mwaka unaofuata. Mwalimu aliyemgundua anaweza kuhamishwa muhula ujao. Anayekuja anaanza upya, bila daftari la muda wa vijana, bila kujua nani aliumia mguu gani. Wiki chache za kambi zinaweza kumwonyesha mwenye kipaji. Kumjenga kunahitaji miaka, na kwenye ratiba hiyo miaka haimo.

Jeshi lilijaza pengo hilo kwa muda mrefu. Bayi alikuwa mwanajeshi. Alphonce Simbu naye ni wa Jeshi la Wananchi. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa tofauti ya sekunde 0.03 iliyohitaji picha kuamua. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Lakini medali yake ya kwanza ya dunia, shaba, aliipata London mwaka 2017. Kati ya shaba na dhahabu kuna miaka minane ya mshahara usiokatika, mazoezi yasiyokatika na watu waliobaki karibu naye. Kijana wa sekondari ya kata asiye na mwajiri wa namna hiyo hana miaka minane. Ana wiki chache za kambi.

Mkoa wa Mara una vitu vya kuanzia. Tarime kuna chuo cha ualimu, na vyuo vya ualimu vina mashindano yao, UMISAVUTA. Huko Malya, wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo kinachofundisha watu kazi hii hasa, nacho hakiko mbali na ziwa. Nyambui mwenyewe, baada ya kuacha kukimbia, alifundisha riadha nje ya nchi, Brunei, na aliwahi kuwa katibu mkuu wa chama cha riadha cha taifa. Maarifa yapo na watu wapo. Kinachokosekana ni kiti ambacho mtu anaweza kukikalia hadi nywele zimwote mvi.

Fikiria kiti hicho kikiwekwa Tarime. Mwalimu mmoja, mwanamume au mwanamke, aliyesomea michezo, anaajiriwa na chuo awe kocha wa mbio ndefu na za nyika. Vipindi vyake darasani vinapunguzwa. Anapewa saa za kupimia, daftari kubwa na mamlaka ya kufanya kazi na shule za Nkende na kata jirani. Uwanja wa lami ya mpira hauhitajiki, kwa kuwa mbio za nyika zinahitaji kilima, malisho na vigingi vinne. Kila Jumamosi vijana wa shule wanakimbia na wanachuo, na muda wa kila mmoja unaandikwa. Wanachuo wanaohitimu wanakwenda kufundisha Serengeti, Rorya na Bunda wakiwa wameona kwa macho mazoezi yanavyopangwa kwa mwaka mzima. Katika mwaka wa tano hakuna bingwa. Katika mwaka wa kumi pengine yupo msichana mmoja aliyepata ufadhili wa chuo ng'ambo, akaenda akiwa na mtu wa kumpigia simu. Katika mwaka wa ishirini kocha huyo anajua familia tatu za kila kitongoji, na daftari lake lina thamani kuliko medali nyingi.

Watasema fedha hakuna. Mshahara wa mwalimu mmoja tayari unalipwa. Kinachoombwa kwanza ni uamuzi wa kutomhamisha, na wa pili ni kumpima kwa namna inayostahili kazi yake, yaani wangapi walianza, wangapi bado wanakimbia baada ya miaka mitatu, wangapi walimaliza shule, wangapi waliumia na kwa nini. Atakayepimwa kwa medali za Juni atalazimika kuwachosha watoto ili azipate.

Wazazi nao wana sehemu yao, hasa kwa mabinti. Kipyego alikuwa msichana wa kijijini kabla ya kuwa bingwa na muuguzi. Binti wa Nkende anayepewa ruhusa ya kukimbia Jumamosi asubuhi, na ya kubaki shuleni hadi kidato cha sita, anapewa nafasi hiyohiyo.

Kwa hiyo ombi liende kwa wanaohusika, bila kuzungushwa. Maofisa elimu wa mkoa wa Mara, wakuu wa vyuo na madiwani wa Tarime na Serengeti: tafuteni mwalimu mmoja anayependa kazi hii, mwandikieni barua ya kubaki, na mkiulizwa matokeo baada ya miaka miwili, mjibu kwamba bado hayajafika. Nyambui alipata fedha ya Olimpiki mwaka 1980, na hadi leo Tanzania haijaongeza medali nyingine katika michezo hiyo. Miaka iliyopita tangu siku hiyo inatosha makocha wawili wa muda mrefu kumaliza kazi zao, mmoja baada ya mwingine. Wa tatu anaweza kuanza muhula ujao.